Tupeane uzoefu: kazi ya nyumbani Lubumbashi, na namna ya kuifunga jioni

Mwanzisha mada

Jambo yenu, ndugu zangu. Humu kuna wahasibu wa kampuni za Kinshasa, wafasiri, waandishi wa programu, na wanaojibu wateja wa Ulaya, wote wakifanyia kazi sebuleni au chumba cha nyuma. Malalamiko yanafanana: mtu yuko ndani ya lupango (ua wa nyumba) tangu asubuhi, watoto hawajamwona, na 22h00 bado anajibu ujumbe.

Naomba tusiambiane "jipange" wala "jitahidi". Anayefanya kazi ofisini hufungiwa siku na mlango na gari la kurudi. Nyumbani havipo, kwa hiyo lazima kila kimoja kitafutiwe mbadala. Mimi naamini saa ya kufunga iwekwe kwanza, ndipo siku ipangwe kurudi nyuma. Wenye ujuzi waweke vipimo na hatua. Historia za maisha tuziache kwa siku nyingine.

Mhasibu wa Bel-Air

Anza na saa, maana ndiko jioni za watu zinakopotelea. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ofisi ya kule ikifanya 8h00 hadi 17h00, kwetu ni 9h00 hadi 18h00. Anayeanza 8h00 ya hapa kwa mazoea, kisha akamaliza pamoja na Kinshasa, anatoa saa moja ya bure kila siku.

Ulaya ni mtego zaidi, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Brussels na Lubumbashi zina saa ile ile. Baada ya hapo wao wanabaki nyuma, na mkutano wao wa 17h00 unaangukia 18h00 kwetu. New York hubadilisha siku tofauti na Ulaya: 9h00 yao ni 15h00 yetu wakiwa kwenye saa ya kiangazi, na 16h00 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwenye kalenda washa ukanda wa saa wa pili. Kisha mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba fungua mikutano yote inayojirudia, uangalie ni ipi imesogea usiku.

Sheria ya kazi ya nchi yetu ya Kongo (DRC), namba 015/2002, inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Hiyo ni kwa mwenye mkataba wa kazi. Anayelipwa kwa ankara ajiandikie kinga mwenyewe ndani ya makubaliano: "Napatikana kwa mikutano kati ya 14h00 na 18h00, saa za Lubumbashi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ujumbe unaoingia baada ya hapo hujibiwa siku ya kazi inayofuata." Iandikwe kabla ya kazi ya kwanza. Ukiileta mwezi wa tatu, mteja anaiona kama umeanza kuchoka.

Fundi wa Ruashi

Papa Mhasibu kasema kweli, lakini mji huu mwenye saa ni umeme. Delestaji (mgao wa umeme) ikianza 10h00 mpaka 15h00, kazi ya mchana inahamia usiku, mtu apende asipende. Ndiyo maana betri naihesabu kuwa kifaa cha kupata jioni yako.

Hesabu yake hii. Kompyuta ya mkononi hula kama wati 45 ikiwa kazini (chaja huandikwa 65, hicho ni kiwango cha juu). Ruta (kifaa cha intaneti) wati 10. Taa ya LED wati 7. Jumla 62. Kwa saa 5 za delestaji ni wati-saa 310. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) hupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri itatoa 365. Betri ya risasi (ile ya asidi) usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 730, yaani kama ampea-saa 61 (kipimo cha ujazo wa betri) kwa volti 12. Usinunue ya 60. Betri huzeeka na kupungua, chukua ya 80 hadi 100. Ya lithiamu inavumilia kushushwa hadi asilimia 80 ya ujazo wake, hivyo ya ampea-saa 50 inakutosha. Bei ya kununua iko juu, lakini hudumu mara kadhaa zaidi.

Makosa ninayoyakuta kwa wateja yanajirudia:

Betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha kila siku, bamba zake zinaharibika ndani ya miezi.

Kukosa fuzi. Inveta ya wati 300 inavuta karibu ampea 30 kutoka betri ya volti 12. Weka fuzi ya 40 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, na waya wa milimita za mraba 10 usiozidi mita moja na nusu. Waya mwembamba unapata moto, volti zinashuka, inveta inapiga kelele na kuzima huku betri bado imejaa, na mwenye nyumba anadhani ameuziwa betri mbovu.

Inveta ya bei rahisi isiyotoa wimbi safi (umeme laini kama wa ukutani). Shika chaja baada ya nusu saa: ikichoma mkono, badilisha.

Betri ya risasi chumbani. Ikichajiwa hutoa haidrojeni. Iwekwe barazani penye hewa, juu ya ubao, watoto wasifike.

Ruta si lazima ipitie inveta. Kuna betri ndogo za ruta peke yake. Soma kibandiko cha adapta kabla ya kununua, maana ruta nyingine ni volti 9 na nyingine 12, na kukosea ni kuiunguza.

Mfasiri wa Golf

Aksanti Papa Fundi. Ila niongeze upande wa pili: betri ikishakuwepo, kisingizio cha kuacha kazi kimeondoka. Nyumba nyingi zilizofunga umeme wa jua zimeongeza saa za kazi badala ya kuzipunguza. Chaja ya kompyuta ichomekwe kwenye swichi yake peke yake, na saa ya kufunga ikifika izimwe. Kinachobaki usiku kiwe taa na ruta.

La pili, kazi zigawanywe kwa kinachohitaji mtandao na kisichohitaji. Umeme ukiwepo: mikutano, kupakia mafaili, kushusha ya kesho. Umeme ukikatika: kusoma, kuandika, kusahihisha. Kila asubuhi shusha nyaraka za siku nzima na uzifungue mara moja kuhakikisha zinafunguka bila mtandao, maana nyingine huonekana zimeshuka kumbe ni jina tu. Wakati wa delestaji minara ya simu nayo huzidiwa, na faili lililopanda kwa dakika mbili asubuhi linaweza kusota mchana wote.

Mkutano wa video unaweza kula gigabaiti nzima kwa saa, wa sauti peke yake haufiki hata megabaiti 100. Waombe wenzako kamera iwe dakika tano za mwanzo, kisha izimwe. Gharama ya mega (data ya intaneti) iingie kwenye ankara kama mstari wake, isifichwe ndani ya bei ya kazi. Usipoiandika, ni chakula cha nyumba kinacholipia ofisi ya mtu mwingine.

Mama wa Katuba

Wanaume wameongea waya. Sasa tuongee watu.

Shida kubwa ya lupango ni kwamba aliyeko nyumbani huhesabiwa hana kazi. Atatumwa hospitali, atapokea mgeni, atachunga watoto wa jirani. Kusema "nina kazi" hakutoshi, kwa sababu hakuna anayeiona. Ifanye ionekane. Chagua kitenge kimoja kinachong'aa, kitundikwe mlangoni wakati wa mkutano tu. Mtoto wa miaka minne anaelewa kitenge. Karatasi iliyoandikwa haielewi. Na kitenge kitoke mlangoni mkutano ukiisha tu. Kikibaki kutwa nzima, siku ya tatu hakuna anayekijali.

Wape watu saa yao kamili. Mlo wa mchana, 12h30 hadi 13h30, bukari (ugali) mezani na kompyuta imefunikwa. Ndugu wakijua saa hiyo ni yao, wanaacha kubisha 10h00. Anayekula huku anaandika amewanyima saa yao na hajafanya kazi pia.

Kinu cha sombe (kisamvu) husikika kwenye mkutano hata mlango ukifungwa. Itwangwe asubuhi kabla ya 9h00, au inunuliwe iliyotwangwa sokoni. Maji ya bomba yakija usiku, atakayejaza madumu apangwe kwa zamu. Nyumba nyingi mke anayefanyia kazi nyumbani ndiye anayeamka kujaza, ndiye anayewasha mbabula (jiko la makaa), kisha anaingia mkutano wa 9h00 akiwa ameshamaliza nusu ya nguvu zake. Andikeni kazi za nyumba na saa zake kwenye karatasi moja, majina pembeni, baba pia.

Kijana wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi)

Mama, na mama mkwe akiingia bila taarifa katikati ya mkutano?

Mama wa Katuba

Mwanangu, mkubwa hangojeshwi mlangoni. Zima maikrofoni, andika kwa wenzako "narudi baada ya dakika 5", simama, msalimie vizuri, mpe kiti na maji, muulize habari za nyumbani. Kisha omba ruhusa: "Mama, niko kazini hadi saa fulani, naomba nimalize ndipo tuongee vizuri." Ukimwomba ruhusa, hupewa. Ukimpungia mkono ukiwa umekaa, utalipia mwaka mzima.

Muuguzi wa Kampemba

Mambo mawili ya mwili. Meza iwe na urefu wa sentimita 70 hadi 75, viwiko vipinde pembe ya mraba, nyayo zikae chini. Kompyuta ipandishwe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, na kibodi ya pembeni iwe chini. Bila kibodi ya pembeni usiipandishe, mabega yataumia badala ya shingo. Dirisha likae ubavuni mwako. Kila dakika 20, angalia mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

La pili ni la kufa na kupona. Juni na Julai baridi ikishika, watu huingiza mbabula ya makala (makaa) ndani na kufunga madirisha ili wafanye kazi. Moshi ukiisha wanadhani hatari imeisha. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, na haina harufu. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea: toka nje hapo hapo, toa na wengine, ndipo ufikirie kingine. Vaa koti na soksi. Mbabula ibaki nje.

Mwandishi wa programu, Makomeno

Kufunga kwenyewe ni dakika 15, si zaidi. Andika mistari mitatu: kilichoisha, kilichokwama, cha kuanzia kesho. Hicho cha tatu ndicho kinachozuia akili kurudi kazini usiku. Hifadhi na pakia. Funga akaunti ya kazi, maana kompyuta inayotumiwa na familia iwe na akaunti mbili, ya kazi na ya nyumbani. Ingiza kompyuta kabatini. Halafu toka nje ya lupango kwa miguu, hata kununua mkate tu, urudi kama mtu anayetoka kazini.

Namba ya kazi iwe kwenye SIM yake, na WhatsApp Business inaweza kutuma yenyewe jibu la "nimefunga" nje ya saa ulizoweka. Weka ndani ya jibu hilo saa ya kufungua na namba ya dharura. Pasipo namba hiyo, mteja mwenye shida ya kweli atatafuta simu ya mkeo.

Mhasibu wa Bel-Air

Nimalizie la sikukuu, kwa sababu bosi wa nje hazijui. Januari 4, 16 na 17, Aprili 6, Mei 1 na 17, Juni 30, Agosti 1. Zote ziingie kwenye kalenda ya timu mwanzoni mwa Januari, kwa barua moja, pamoja na sababu ya kila siku. Agosti 1 hasa ifafanuliwe: asubuhi ni makaburi ya wazazi waliotangulia, mchana ni meza ya walio hai, na hakuna dakika 30 za "mkutano mfupi" zinazopatikana katikati.