Bima za Marekani: sindano ni moja, bei ni nyingi, na ile kubwa kuliko zote anabebeshwa mgonjwa

Wakuu, mwenye akili kunizidi anieleweshe. Kwa nini hapa Marekani mgonjwa anakatwa asilimia ya bei ambayo wakubwa wote hawailipi?

Nazungumzia hizi sindano za bei mbaya: za baridi yabisi, za kisukari, za magonjwa ya ngozi, za kupunguza uzito. Zile zinazokuja kwenye kalamu, unaziweka kwenye friji, unajichoma mwenyewe pajani. Kiwanda kinatangaza bei, na hiyo ndiyo inayosomeka kwenye kompyuta ya duka la dawa. Halafu wanaingia madalali, yaani zile kampuni zinazosimamia orodha ya dawa zinazolipiwa na bima. Wanakiambia kiwanda: ukitaka dawa yako ikae pazuri kwenye orodha yetu, turudishie kitu kwa kila boksi. Kiwanda kinarudisha. Kiasi gani? Siri ya mkataba. Watatu tu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanapitisha karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa na madaktari nchi nzima, na kila mmoja yuko chini ya paa moja na kampuni kubwa ya bima. Dalali na mnunuzi ni ndugu wa tumbo moja, halafu tunaambiwa wanatupigania tupate nafuu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme sindano imetangazwa dola 6,000 na bima yako inasema utachangia asilimia 25. Unatoa 1,500. Baadaye kiwanda kinawarudishia madalali na bima dola 3,000 kimyakimya. Kwa hiyo bei ya kweli ilikuwa 3,000, na wewe uliyedhani umelipa robo umelipa nusu. Ukiuliza, utajibiwa kwamba marejesho yale yanasaidia kushusha michango ya kila mwezi ya wanachama wote. Yaani mgonjwa anamchangia mzima! Mimi nilijua bima ni kinyume chake.

Anayeona natia chumvi akumbuke Amjevita. Humira, sindano maarufu ya baridi yabisi, ilipata kibali mwishoni mwa 2002. Ulaya walianza kupata sindano zinazofanana nayo mwaka 2018, sisi huku tukasubiri hadi Januari 2023. Ya kwanza kuingia sokoni ilikuwa hiyo Amjevita, na watengenezaji wake, Amgen, waliitangaza kwa bei MBILI: moja chini ya Humira kwa asilimia 55, nyingine chini kwa asilimia 5 tu. Dawa ileile, kiwanda kilekile. Ile ya asilimia 5 ilitengenezewa nani, kama si wale wanaokula kwenye marejesho? Bei ikiwa ndogo, hakuna cha kurudisha. Hapo ndipo uchafu wote ulipo, na hawakuuficha hata kidogo.

Najua atakuja mtu hapa na "chukua kadi ya punguzo ya kiwanda, bro". Nimechukua. Ngoja nikwambie inavyokwenda. Mwanzo wa mwaka unaonyesha kadi dirishani, mfamasia anaipitisha, unaambiwa utoe dola chache tu, unaondoka na mfuko wako wenye vibarafu ukishukuru Mungu. Kiwanda ndicho kinachojazia pengo, na bima inazipokea pesa hizo bila kinyongo. Katikati ya mwaka kadi inakauka. Unapiga simu bima ukijua kile kiwango cha kujilipia mwenyewe kabla hawajaanza kulipa ulishakimaliza kitambo. Dada wa simu, kwa sauti ya upole kabisa, anakwambia rekodi zinaonyesha bado hujafikisha. Pesa za kadi hazihesabiki. Wamekula za kiwanda, sasa wanaanza upya kula zako, kwa sindano zilezile, mwaka uleule. Mwizi wa kawaida angalau huiba mara moja!

Majimbo kadhaa yamepiga marufuku mchezo huo. Lakini kama mwajiri wako ndiye anayebeba gharama za matibabu mwenyewe na kampuni ya bima inamfanyia makaratasi tu, sheria ya jimbo haimfikii. Kadi yako ya bima haikuonyeshi wazi uko upande gani. Muulize mwajiri.

Halafu ile karatasi wanayotuma nyumbani. Kiasi kilichotozwa, kiasi kilichokubaliwa, bima imelipa, sehemu yako. Juu kwa herufi kubwa: HII SI BILI. Safu ya marejesho haipo. Kwenye karatasi nzima inayodai kukueleza nani amelipa nini, namba pekee yenye maana imeachwa nje.

Wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali, wana afadhali kidogo. Sheria ya Agosti 2022 iliwawekea insulini isiyozidi dola 35 kwa mwezi kuanzia 2023, na mwaka 2025 mtu hakutakiwa kutoa zaidi ya dola 2,000 kwa dawa za Part D, yaani zile za kuchukua duka la dawa. Sisi wa bima binafsi sheria hiyo ilitupita. Nao wazee, kadi za punguzo za viwanda hawaruhusiwi kuzigusa. Na sindano ikichomwa kliniki inahamia Part B, sehemu ya Medicare inayolipia matibabu ya kliniki: Medicare inahesabu wastani wa bei ya mauzo pamoja na asilimia 6 kwa ajili ya mchomaji, na mgonjwa asiye na bima ya ziada anabeba asilimia 20. Asilimia 6 ya dawa ghali na asilimia 6 ya dawa rahisi, daktari atapenda ipi? Sisemi wote.

Septemba 2024 tume ya serikali ya kulinda ushindani, FTC, iliwashtaki madalali hao watatu kuhusu bei ya insulini. Sawa. Mimi sihitaji kesi ya miaka mingi. Nataka asilimia yangu ihesabiwe kwenye bei baada ya marejesho, palepale dirishani. Namba wanazo, ni kukataa tu.

Sasa wadau: kuna aliyekata rufaa kuhusu pesa za kadi kutohesabiwa akashinda? Ulitumia hoja gani, na bima yako ni ya mwajiri wa aina ipi? Ukibandika karatasi yako hapa, futa kwanza jina na namba ya uanachama. Na wale wa "rudi nyumbani kama hupapendi", uzi huu si wenu.