Kanisa la babu zetu: tubomoe au tukarabati?

Mjukuu wa Tukuyu: Shikamooni wakubwa. Kanisa letu lilijengwa kwa matofali ya kuchoma na chokaa. Babu aliyabeba kichwani akiwa mtoto. Juzijuzi tulilipiga plasta ya saruji. Sasa ukuta wa madhabahuni unamomonyoka, ukigusa tofali unabaki na unga mwekundu kiganjani. Kamati inataka kubomoa. Roho inaniuma mno. Tufanyeje?

Fundi Chokaa, Iringa: Msibomoe, ndugu yangu. Saruji imefungia maji ndani. Ukuta wa zamani hupumua kupitia chokaa, na mvua za Rungwe unazijua. Anzeni na bati na mifereji. Kiangazi bandueni plasta taratibu, ukuta ukauke kabisa, ndipo mpige chokaa na mchanga.

Mama Kalenga: Kanisa kuu la Köln, Ujerumani, lilianza kujengwa 1248, likakamilika 1880. Waliochimba msingi hawakuiona minara yake, wakachimba. Kule Djenné, Mali, waumini hukandika upya msikiti wao wa udongo kila mwaka, vijana wakibeba tope. Kwangu mimi kukandika huko nako ni ibada.

Mjukuu wa Tukuyu: Asanteni sana. Jumapili naomba nafasi kwenye matangazo. Mifereji kwanza.