Tengu wa milimani kule Japani: walianza kama mbwa, ndege au mtawa?

Kaskazi_Mwanana:
Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa na anayezijua vizuri simulizi za Kijapani. Kuna hawa wanaoitwa tengu, viumbe wa milimani, ukiangalia anime utakutana nao sana, uso mwekundu, pua ndefu, mabawa mgongoni na mavazi ya kitawa. Nimejaribu kusoma mwenyewe nikazidi kuchanganyikiwa, maana sehemu moja wanasema jina lao ni mbwa wa mbinguni, kwingine michoro ya zamani inaonyesha ndege kabisa mwenye mdomo na kucha, na kwingine tena wanasema ni roho za watawa waliojaa kiburi. Hivi ni kiumbe mmoja au ni viumbe watatu wamepewa jina moja? Na huyo mbwa aliingiaje wakati mi sijaona mchoro hata mmoja wa tengu mwenye sura ya mbwa? Nataka chanzo hasa. Natanguliza shukrani.

Mzee_Kitabu:
Kaskazi umeuliza pazuri sana, watu wengi wanaishia kwenye pua na pua ndo kitu cha mwisho kabisa kuja.

Mbwa katoka China. Wachina wa kale walikuwa na tiangou, mbwa wa mbinguni, na kwenye vitabu vyao vya historia hilo lilikuwa jina la kimondo kinachopita angani kwa kishindo, kikionekana watu wanajua kuna vita au balaa inakuja. Japani jina hilo, kwa herufi zile zile ambazo baadaye zinasomwa tengu, linatokea kwa mara ya kwanza kwenye Nihon Shoki, historia ya dola iliyokamilika mwaka 720, na tukio lenyewe ni la 637. Nyota kubwa ilipita kutoka mashariki kwenda magharibi na sauti ikasikika kama radi, wengine wakasema ni sauti ya kimondo, wengine wakasema ni radi ya ardhini. Akatokea mtawa wa Kibudha anaitwa Min akasema hapana, hiyo si nyota, huyo ni mbwa wa mbinguni na mnachosikia ni kubweka kwake. Huyu Min alikuwa amekaa China miaka 24, alienda 608 akarudi 632, kwa hiyo utaona hakubuni kitu, alikuwa anasoma anga kama alivyofundishwa na walimu wake wa Kichina.

Halafu baada ya hapo kimya. Miaka mia mbili na kitu tengu hasikiki kwenye maandishi, na anaporudi kule karne ya 10 yule wa kwenye nyota hayupo tena, sasa yuko mlimani. Mbwa akabaki kwenye herufi za jina tu. Hiyo ndo sababu hujaona mchoro wa mbwa.

Shani_wa_Ngano:
Naongezea kwenye ndege maana hapo ndo napapenda. Ndege mwenyewe ni mwewe, Wajapani wanamwita tobi, na ni ndugu wa karibu kabisa wa hawa mwewe wetu wanaozunguka juu ya masoko na majalala. Ukishamjua mwewe unaelewa kwa nini walimchagua yeye, anaelea juu kimya huoni hata akipiga bawa, afu ghafla kashuka kachukua kitu na kapotea. Mpaka leo pwani ya Kamakura na Enoshima watalii wananyang'anywa mikate na hao hao tobi.

Kuna mkusanyiko mkubwa wa hadithi unaitwa Konjaku Monogatari-shu, wa mwanzoni mwa karne ya 12, una hadithi zaidi ya 1000 za India, China na Japani, na juzuu ya 20 inaanza na tengu moja kwa moja. Humo kuna hii: enzi za mfalme Daigo, aliyetawala 897 mpaka 930, pale Kyoto palikuwa na mti wa matunda ya kaki usiozaa, siku moja juu yake akatokea Buddha anang'aa na maua yanadondoka, mji mzima ukaenda kusujudu. Waziri mmoja, Minamoto no Hikaru, hakushawishika, akawaza Buddha wa kweli hawezi kukaa tu juu ya mti namna ile bila sababu, huu uchawi ukikodolewa macho hautadumu. Akavaa mavazi rasmi ya kazi, akaenda, akakaa chini ya mti na kumkazia macho bila kupepesa kwa kama saa mbili hivi. Yule Buddha akaanza kuhangaika, akatupa maua mengi zaidi, mwisho akaanguka chini puu, mwewe mkubwa bawa limevunjika, watoto wakamaliza kazi.

Angalia tengu wa wakati huo anafanya nini. Haui watu hovyo na wala hali watu, kazi yake ni kudanganya kwa kutumia dini yenyewe. Anajigeuza Buddha, anamwaminisha mtawa mjinga kwamba Buddha amekuja kumchukua peponi kisha anamwacha amefungwa juu ya mti msituni. Ndo maana mi sikubali akilinganishwa na zimwi wa kawaida, zimwi ana njaa tu, huyu ana ugomvi na Ubudha.

Mzee_Kitabu:
Sahihi dada Shani. Na ile hadithi ya kwanza kabisa ya juzuu hiyo ni nzuri mno, tengu wa India alikuwa anaruka kuelekea China akasikia maji ya bahari yanaimba mafundisho ya Buddha, kwamba kila kitu kinapita. Akakasirika, akataka kujua yanatoka wapi ayazuie. Akayafuata mpaka China, akavuka bahari mpaka Japani, akapanda mto Yodo, sauti inazidi tu kuwa kubwa, mpaka mlima Hiei kwenye hekalu kuu la Enryakuji, na pale akagundua kwamba yale maji yanatoka kwenye vyoo vya watawa. Akajiuliza, kama maji ya choo tu yana utakatifu huu, je watawa wenyewe? Akaacha uadui pale pale, akazaliwa upya mtoto wa ukoo wa kifalme na akawa mtawa wa huko huko mlimani.

Ukiisoma na ile ya mti wa kaki utaona hadithi zimetungwa na nani. Ni watu wa mahekalu. Wanajisifu.

Ndevu_za_Mlima:
Naheshimu sana mlichoandika wakuu ila naona tunawapa watawa chanzo ambacho si chao. Hadithi za mahekalu ziliandikwa na waliojua kuandika, sasa yule mkata miti wa milimani ambaye hakuwahi kushika kalamu tengu wake mnamuweka wapi?

Hiyo karne ya 10 uliyotaja Mzee Kitabu tengu anarudi vipi? Kwenye Utsubo Monogatari, hadithi ndefu ya wakati huo, watu wanasikia muziki wa kinanda cha nyuzi ndani kabisa ya mlima, mahali ambapo hapakai mtu, wanasema hiyo lazima ni kazi ya tengu. Hakuna mtawa hapo na hakuna ugomvi wa dini. Kuna sauti isiyokuwa na mwenyewe. Rudi sasa 637, ni nini kiliwashtua watu? Sauti. Nenda mbele miaka mingi mpaka simulizi za vijijini zilizokusanywa na watafiti wa juzi juzi, utakuta wanasimulia usiku mti mkubwa unasikika unaanguka kwa kishindo, asubuhi mnaenda mnakuta hakuna mti ulioanguka, wakaita hilo pigo la tengu. Kuna kicheko cha tengu msituni, kuna mawe ya tengu yanayorushwa na asiyeonekana. Sauti imedumu wakati mbwa kapotea, ndege kabadilika na pua imeongezeka.

Kwa hiyo mimi chanzo nakiona hapo. Milima ya Japani ilikuwa na wenyewe kabla Ubudha haujafika karne ya 6, watu waliiogopa na marehemu walikuwa wanapelekwa huko, na mtu akisikia kitu asichoweza kukieleza alijua ni mwenye mlima. Jina la Kichina lilipofika likapata mahali pa kukaa. Watawa nao walipopanda kujenga mahekalu Hiei na kwingine wakakuta pana mwenyeji, wakamwita adui.

Shani_wa_Ngano:
Kaka Ndevu hapo kwenye sauti umenifungua, sikuwahi kuiunganisha 637 na miti inayoanguka usiku. Lakini watawa hatuwezi kuwatoa kabisa maana baada ya muda upanga uligeuka, tengu akatumika kuwapiga watawa wenyewe.

Enzi hizo mahekalu makubwa yalikuwa na ardhi, pesa na majeshi. Watawa wa Hiei walikuwa wanashuka na silaha pamoja na machela takatifu ya mungu wao mpaka Kyoto kumtisha mfalme, na inasimuliwa kwamba Shirakawa, mfalme aliyeendesha nchi kwa nguvu hata baada ya kung'atuka, alisema mambo matatu hayamtii, mafuriko ya mto Kamo, dadu na watawa wa mlimani. Sasa mwaka 1296 ikachorwa Tengu-zoshi, michoro ya kukunjua, inawaonyesha watawa wa mahekalu makubwa ya Nara na Kyoto wana midomo ya ndege chini ya vilemba vyao vya kitawa. Hoja yake ni kwamba mtawa mwenye kiburi akifa anakwama, motoni haendi kwa sababu amesoma mafundisho, peponi haendi kwa sababu ya majivuno, basi anaangukia njia ya tengu.

Na si watawa tu. Mfalme Sutoku alishindwa vita vya 1156, akapelekwa uhamishoni Sanuki kisiwa cha Shikoku na akafia huko 1164, watu wakaamini amekuwa tengu mkuu mwenye kisasi. Hilo halikuwa jambo la kutishia watoto, mwaka 1868 serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoanza ilituma ujumbe rasmi kwenda kuirudisha roho yake Kyoto, na madhabahu ya Shiramine yapo mpaka leo.

Kaskazi_Mwanana:
Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilichotegemea. Sasa pua na mavazi je? Na ilikuwaje huyu adui akaja kuwa mwalimu wa upanga na mlinzi wa mlima?

Ndevu_za_Mlima:
Mavazi ni ya yamabushi. Hawa ni wafuasi wa Shugendo, dini ya milimani iliyochanganya Ubudha na imani za zamani, wanamhesabu En no Gyoja kuwa mwanzilishi wao, mtu aliyehamishiwa Izu mwaka 699 kwa tuhuma za uchawi. Walikuwa wanaishi porini, wanafunga, wanasimama chini ya maporomoko ya maji baridi, wanapuliza baragumu la kombe. Mwanakijiji akimuona mtu wa namna hiyo anatokea kwenye ukungu anamuweka kundi gani? Taratibu tengu akavaa kile kikofia kidogo cheusi, akashika fimbo ya pete na pepeo la manyoya, akavaa mitalawanda yenye jino moja. Na kwa yamabushi wenyewe tengu hakuwa adui, alikuwa mwenyeji wao, ukimheshimu anakufundisha na ukichafua mlima anakushughulikia. Huko ndo ulinzi ulikotoka.

Mwalimu wa upanga ni Sojobo wa mlima Kurama, kaskazini ya Kyoto. Minamoto no Yoshitsune alizaliwa 1159, baba yake akauawa baada ya kushindwa vita, mtoto akapelekwa hekalu la Kurama akue mtawa. Alikuja kuwa jemadari wa kutisha, na watu wakajiuliza mtoto wa hekaluni alijifunza wapi vile, jibu likawa usiku msituni kwa tengu. Tangu hapo tengu anahurumia mnyonge mwenye haki, ni badiliko kubwa sana.

Mzee_Kitabu:
Pua namalizia mimi. Mdomo wa ndege ulivyozidi kuchorwa kibinadamu ukawa pua, kuanzia karne ya 14 hivi inazidi kuonekana, na pia kuna mungu Sarutahiko ambaye Nihon Shoki yenyewe inasema pua yake ilikuwa na urefu wa viganja saba na macho yanang'aa mekundu. Kwenye maandamano ya sherehe anayemwakilisha huvaa kinyago chekundu cha pua ndefu kilekile, kwa hiyo sura zikaingiliana. Wa mdomo hakufa, anaitwa karasu tengu, tengu kunguru, na wataalamu wengi wanaona ndani yake Garuda, ndege mtu wa Kihindi aliyefika Japani na Ubudha. Ukienda mlima Takao, mita 599 tu, magharibi ya Tokyo, pale hekalu la Yakuo-in utawakuta wote wawili wamesimama, wa mdomo na wa pua.

Mama_Salma:
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Naomba kuuliza, ni kweli walikuwa wanaiba watoto?

Ndevu_za_Mlima:
Ndiyo mama, iliaminika hivyo. Mtoto akipotea jioni kijiji kizima kilikuwa kinatoka na ngoma na kengele kumuita, na kwa kuwa tengu anasemekana hawapendi kabisa samaki aina ya vibua kuna sehemu walikuwa wanataja huyo samaki kwa sauti ili amuachie. Aliyerudi alikuwa anahojiwa sana.

Maarufu zaidi ni kijana Torakichi wa Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, alisema tangu akiwa na miaka saba tengu alikuwa anamchukua mpaka mlima Iwama huko Hitachi na kumfundisha. Mwaka 1820 msomi mkubwa Hirata Atsutane akamchukua, akamhoji kwa muda mrefu kila kitu, wanakula nini, wanaabudu vipi, wanaruka vipi, akaandika kitabu Senkyo Ibun, 1822. Hirata alimuamini kabisa, mpaka Torakichi alipokuwa anarudi mlimani alimpa barua na kitabu chake ampelekee yule mwalimu wake wa huko juu, akiomba amkosoe alipokosea.