Naomba ushauri: nilipie programu ya kujifunza Biblia au nibaki na ya bure?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimekuwa nikitumia toleo la bure la programu ya kujifunza Biblia. Juzi naandaa somo la Yohana 21, pale Yesu anapomuuliza Petro mara tatu, "Wanipenda?" Kwa Kiswahili ni neno lile lile. Nikabofya namba za Strong (namba zinazoonyesha neno la asili la Kigiriki au Kiebrania nyuma ya kila neno la Biblia), kumbe Kigiriki kina maneno mawili ya "kupenda" hapo: mara mbili za kwanza Yesu anatumia agapao (25), ya tatu phileo (5368), neno ambalo Petro alikuwa akijibia tangu mwanzo! Niliacha kuandika, nikaisoma upya sura nzima.

Sasa nataka kujua kama kweli Yohana anatofautisha maneno hayo au anabadilisha tu usemi. Kamusi ya Strong ni ya mwaka 1890 na maelezo yake ni mafupi mno. Nikigusa kitabu cha ufafanuzi, inatokea alama ya kufuli: lipia kwanza.

Toleo la kulipia lina fafanuzi nyingi na kamusi kubwa za Kigiriki na Kiebrania, ila malipo ni ya kila mwezi. Hilo ndilo linanisumbua, maana kitabu cha karatasi ukishanunua ni chako. Najua pia kuna programu nyingine za Biblia za bure, kama e-Sword (ya kompyuta za Windows) na STEP Bible.

Mliolipia, mnavitumia kweli vile vitabu vyote, au mwisho wa siku ni viwili vitatu tu? Na kwa mtu asiyesoma Kigiriki, nianzie wapi?