Nina admisheni mbili za masta ya fedha, Uingereza na Marekani, anayenilipia ni mjomba. Naombeni ushauri kabla sijalipa depoziti

Mtafutaji26:
Wakuu shikamooni mlionizidi umri, wengine mambo vipi. Nimepata admisheni mbili za masta ya fedha, Uingereza mwaka mmoja na Marekani miezi kama 16 hivi, na wote wanataka depoziti mwezi huu huu na ukishalipa hairudi. Anayenisomesha ni mjomba, baba alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo sina nafasi ya kukosea. Nikimaliza nataka nipate kazi hukohuko hata miaka miwili mitatu nimrudishie mjomba hela yake ndo nirudi nyumbani. Moyo uko Uingereza sababu kozi ni fupi na jumla ya ada ni ndogo. Mnasemaje?

Bi Mizania:
Hongera mdogo wangu. Ila usiishie kwenye ada, angalia na muda wa kubaki. Uingereza viza ya Graduate, ile ya kubaki kufanya kazi ukimaliza masomo, ilikuwa miaka 2, anayeomba kuanzia 1 Januari 2027 anapata miezi 18. Halafu mabenki makubwa yanaajiri kwa msimu, kwa kozi ya mwaka mmoja unafika mwezi wa tisa na wenzako wanaaplai kazi wiki hiyohiyo, mimi nilisema ngoja kwanza nizoee masomo, kuja kushtuka milango imefungwa, niliumia sana. CV iwe tayari kabla hujapanda ndege.

Mzee wa Riba:
Kwa Marekani kuna kitu kimoja usilipe hata senti kabla hujakijua, namba ya CIP ya kozi yako, yaani namba ya serikali ya huko inayoonyesha kozi iko kundi gani. Ukimaliza unapata OPT, ruhusa ya kufanya kazi miezi 12, ila kozi ikiwa kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) unaongezewa 24 inakuwa 36. Sasa masta mbili zinaweza kuwa na jina karibu sawa, moja imeandikishwa 52.0801 ambayo ni fedha ya kawaida, hiyo STEM haimo, nyingine 27.0305 hesabu za fedha, hiyo imo. Baada ya hapo unahitaji H-1B, viza ya kazi, na hiyo ni bahati nasibu, nafasi 85,000 kwa mwaka, mwenye miezi 36 anajaribu zaidi ya mara moja, mwenye 12 akikosa anafungasha. Namba ya CIP inaandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, ila usisubiri mpaka uipate, waulize udahili sasa hivi.

Kimya Kingi:
Mbona hamjaongelea hela ya mjomba? Uingereza kwenye viza ya mwanafunzi akaunti inatakiwa iwe yako au ya mzazi au mlezi wa kisheria, mjomba hahesabiki hata kama ndo amekulea, labda awe na karatasi za mahakama. Hela iingie kwenye akaunti yako ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, ikishuka hata siku moja unaanza upya. Marekani ndugu yeyote anaweza kukudhamini kwa barua na taarifa ya benki, ila jiandae kueleza kwenye intavyu anapata wapi.

Mtafutaji26:
Kimya Kingi Mungu akubariki, mimi nilikuwa nimeshaandaa taarifa ya benki ya mjomba kabisa!! Mzee wa Riba niliwaandikia udahili jana wamejibu leo, ni 52.0801. Nimekaa nimeishiwa nguvu. Ila wamesema kuna kozi ya hesabu za fedha idara nyingine na naweza kuomba kuhamia kabla ya kulipa, sharti niwe nimesoma kalkulasi na aljebra ya mstari.

Mzee wa Riba:
Umesoma?

Mtafutaji26:
Kalkulasi ndio, ya pili sijasoma.

Mzee wa Riba:
Waombe barua ya kukupokea kwa masharti, hiyo aljebra uisome kwa intaneti kabla ya kuanza, chuo kingine hukubali cheti cha kozi fupi. Na omba depoziti isogezwe, andika leo usilale.

Mtafutaji26:
Naandika sasa hivi. Usiku nampigia mjomba.