Naomba ushauri: chanjo ya HPV kwa mtoto wa kiume

Habari zenu wakuu. Kijana wangu ana miaka 12, nataka achanjwe dhidi ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono na kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Baba yake hataki hata kusikia: eti hiyo ni ya wasichana, mvulana hana mlango wa kizazi. Sawa, hana, lakini koo analo! Virusi hivi huleta pia saratani ya koo, ya njia ya haja kubwa na ya uume, mbali na vinyama sehemu za siri. Australia inachanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019.

Sitaki kungoja, maana chanjo hukinga vizuri zaidi kabla hajaanza mahusiano. Mliochanja wavulana, mlimshawishije mwenzenu? Na kijana mwenyewe nimweleze habari za ngono, au niseme tu ni kinga ya saratani?