Matusi ya kabila mu kiwanja, basuporta beko na fanya nini?

Mutoto_wa_Katuba: Jambo bandugu ba Lubumbashi. Siku ya mungu nilikuwa mu kiwanja na mutoto wangu, basi kipa wa bageni akakuya upande yetu, na tiribini yote ikaanza kumuimbia kabila yake, «rudi kwenu, rudi kwenu», batu bazima na matai yao ya kanisa beko banaimba. Mutoto ananiangalia aone kama na miye naimba. Na ni bale bale, siku Vinícius, muchezaji mweusi wa Brazil, alitukanwa juu ya rangi yake pale Valencia mu 2023, balijaza picha yake mu ma-status. Sasa nauliza, basuporta ba Ulaya benye kupinga hii mambo banafanyaka aje? Inaweza kutembea hapa kwetu?

Cheminot_wa_zamani: Ulizo nzuri. Angalia St. Pauli, timu ya mpira ya Hamburg kule Ujerumani. Mu miaka ya 1990 mwanzoni, basuporta benyewe njo balisukuma komite mpaka kanuni ya kiwanja ikaandikwa kama nyimbo na bendera za ubaguzi ni marufuku. Haikutoka kwa prezida, haikutoka kwa polisi. Kisha mu 1999 vikundi vya inchi mbalimbali vikaunda FARE, muungano ya kupinga ubaguzi mu mpira ya Ulaya, kule Vienna. Polisi akikukamata unasema anakuonea, lakini mwenzako wa tiribini akikuambia nyamaza, utanyamaza tu.

Papa_Kenya243: Munazidisha. Ile ni utani ya mpira, dakika 90 zikiisha tunakunywa pamoja. Ubaguzi ni ya bazungu, hapa shiye bote ni beusi.

Maman_Kamalondo: Papa, na heshima yako, utani gani? Mu 1992 na 1993 hii neno «rudi kwenu» ndiyo ilitosha Bakasai, batu benye asili ya Kasai, mu nyumba zao hapa Katanga, bakalala mu gare ya Likasi na batoto banangojea treni, na bengine bakafia pale pale. Ule kipa labda bazazi bake balipita pale. Na kanuni ya FIFA haisemi rangi tu, inasema na kabila, na inchi mutu anatokea, na dini. Lukaku, muchezaji wa Ubelgiji, bazazi bake ni ba kwetu, mu 2023 kule Turin basuporta balimutukana juu ya rangi yake, akafunga penalti, akaweka kidole ku mdomo, na arbitre akamupa kadi nyekundu YEYE! Shiye bote tulikasirika. Basi tukasirike na hapa.

Papa_Kenya243: Ya Likasi sikatai, Mama. Lakini nani atazuia batu elfu na elfu?

Cheminot_wa_zamani: Arbitre anaweza: anasimamisha mechi, ikiendelea anapeleka bachezaji mu vestiaire, ikizidi anakata mechi. Na korti pia, bale batatu ba Valencia balihukumiwa mu 2024 miezi 8 ya kifungo na miaka 2 bila kuingia kiwanja. Ila hapa usingojee korti. Ongea na mwenye kupiga ngoma. Ngoma ikibadilisha mdundo, wimbo inakatika, batu banafwata ingine bila kujua. Umuone mbele ya mechi, si mu kati, mu kati hata bibi yake hamusikii.

Mutoto_wa_Katuba: Mwenye ngoma ni muramu wangu 😅 na juzi ni yeye aliianzisha. Nitaenda kwake jumamosi. Maman Kamalondo, utakubali tuende bote? Weye anakuogopa.